Notisi Iko Mlangoni kwa Mzee: Uende Huduma ya Serikali, Shirika, Wakili Binafsi au kwa Mzee wa Mtaa?

Simu hizi huja jioni, watu wakishatoka kazini. Mtu ana mamake, au babu, au ndugu asiyeona, na notisi ya kuhama imebandikwa mlangoni au imeletwa na kijana wa bodaboda ambaye hakungoja hata kusalimiwa. Anayepiga haulizi haki zake ni zipi. Hilo ameshauliza barazani pa kahawa na kila mtu akampa jibu lake. Anauliza: "Nianzie wapi?" Mombasa milango ni mingi, na bibi wa miaka 74 mwenye goti bovu hawezi kuibisha yote.

Mimi si wakili. Nasindikiza watu, nabeba mafaili, nangoja nao kwenye benchi. Kwa hivyo nitailinganisha milango minne kama mteja anayeingia anavyoiona, si kama inavyojitangaza kwenye mabango.

Nikipima mlango wowote huuliza mambo matano. La kwanza ni siku: je, utafanya kitu kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye notisi? La pili ni kama mtu huyo anaweza kusimama kortini kwa niaba ya mzee, au atamshauri tu na kumrudisha nyumbani. La tatu ni gharama, na hapa nahesabu nauli, fotokopi na kiapo pia, si ada ya wakili peke yake. La nne ni kufikika: ngazi, lugha, mkalimani wa ishara. La tano watu hulisahau, nalo ni kama atakuwa bado na wewe mwaka wa tatu wa kesi.

Kwanza soma karatasi

Kabla ya kuchagua mlango, jua mzee anatolewa kwa msingi gani. Hapa kwetu huwa ni mambo ya aina tatu.

Kuna mpangaji wa kawaida, anayelipa chumba mwezi kwa mwezi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa notisi isiyopungua kipindi anacholipia, yaani mwezi mmoja. Nyumba yake ikiwa ni ya zile ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna baraza maalumu la kodi za nyumba chini ya Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, na mwenye nyumba hawezi kumtoa bila kupitia huko. Vyumba vya bei hiyo vimebaki vichache mjini, lakini wazee waliopanga kwa mwenye nyumba mmoja tangu ujana wao ndio hasa utakaowakuta humo.

Aina ya pili ni ya Pwani yetu: nyumba bila ardhi. Mzee amejenga kuta, ameezeka mabati, amechimba choo, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na hulipa kodi ya ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe, kote utawakuta. Ardhi ikiuzwa, mnunuzi anakuja na notisi, na nyumba ya miaka arobaini inaitwa "kibanda".

Nilimsindikiza bi mmoja wa Majengo aliyeweka risiti zake za kodi ya ardhi ndani ya kopo la biskuti. Ya zamani kabisa ilikuwa ya 1987. Zilikuwa zimebanwa kwa pini iliyopata kutu, na kutu imekula tarehe za zile za juu. Wakili wa kwanza alizipindua harakaharaka akasema, "Mama, hizi ndizo kinga yako." Wiki iliyofuata wa pili akazisoma moja moja, kidole kikifuata mstari, kisha akavua miwani. "Bi, ukidai ardhi, hizi ndizo zitakazokuangusha. Ukidai nyumba yako, zitakubeba." Wa pili ndiye aliyekuwa sahihi. Ile kanuni ya miaka 12, kwamba aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi muda huo bila kupingwa anaweza kuidai kortini, inamhusu aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Risiti ni ushahidi wa ruhusa. Zinaonyesha kuwa yeye si mvamizi, lakini pia zinaonyesha kuwa alijua ardhi si yake. Na ardhi ya umma haidaiwi kwa kanuni hiyo hata ukae miaka mia.

Aina ya tatu ndiyo chungu zaidi: anayemtoa mzee ni wa damu yake. Mjane anaambiwa na shemeji zake arudi kwao. Baba ametia dole gumba kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya hospitali, kumbe ni hati ya zawadi ya nyumba. Hapa hakuna notisi wala tarehe. Kuna vijembe, kisha siku moja kitanda kiko uani.

Mlango wa kwanza: Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria

Hii ni ya serikali, imeundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na ina ofisi Mombasa. Ipo kwa ajili ya wasio na uwezo wa kulipa, katika kesi za madai, za jinai, za watoto na za kikatiba. Kwa mzee anayeishi kwa pesa za Inua Jamii, ruzuku ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi, hoja ya uwezo ni nyepesi kuithibitisha.

Kwa upande wa siku, kumbuka kwamba ombi ni la maandishi na hupimwa kabla ya kukubaliwa. Ukiwa na miezi miwili mkononi, ni mlango mzuri. Ukiwa na siku mbili, anza penginepo huku ukiacha ombi lako pale. Kortini, ombi likikubaliwa, unapewa wakili, na huyu ni wakili kamili wa kusimama mbele ya jaji. Gharama yako ni nauli na nakala. Kuhusu kufikika, sheria hiyohiyo inawatambua wasaidizi wa kisheria wa mitaani, kwa hivyo fomu inaweza kujazwa mtaani kwenu kabla mzee hajapanda matatu hata moja.

Unamfaa nani? Mtu mmoja mmoja, mwenye kesi yake mwenyewe, maskini wa kuonekana kwenye karatasi, ambaye notisi yake bado ina pumzi.

Mlango wa pili: mashirika

Kituo cha Sheria kimekuwepo tangu 1973 na kina ofisi Mombasa. Ardhi na makazi ni kazi yake ya siku zote. FIDA Kenya, ya 1985, ni ya mawakili wanawake na huwahudumia wanawake, kwa hivyo mjane anayefukuzwa na wakwe huanzia vizuri hapo. MUHURI, shirika la haki za binadamu, imeanzishwa hapahapa Mombasa mwaka 1997, na Haki Yetu nayo imejikita katika mambo ya ardhi ya Pwani.

Nguvu yao iko mahali ambapo wengine hawafiki: kesi ya wengi. Notisi ikiwa imebandikwa kwenye nyumba sitini za mtaa mmoja, na kati ya hizo tisa zina wazee wanaoishi peke yao na tatu zina watu wenye ulemavu, shirika litaona jambo ambalo wakili wa mtu mmoja hatalipigia hesabu. Na hapa kuna kifungu ambacho ningependa kila mtu mtaani akijue. Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inasema aliye kwenye ardhi ya mtu binafsi bila idhini apewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu. Siku ya kutolewa, maafisa lazima wajitambulishe na waonyeshe idhini yao rasmi. Lazima ziwepo hatua za pekee za kuwalinda wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Na wenyeji wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali zao. Maneno hayo yamo kwenye sheria yenyewe. Aliyepewa notisi anaweza pia kwenda kortini kuomba nafuu, na korti ikaongeza muda au kubadili masharti.

Je, watakuwa nawe mwaka wa tatu? Shirika huweza kuikalia kesi muda mrefu kuliko mfuko wa familia unavyoweza. Lakini urefu wenyewe uutazame. Wakazi wa kijiji cha karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, walibomolewa nyumba mwaka 2011, na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wao, ile kesi ya Mitu-Bell, Januari 2021. Uamuzi ule umeipa uzito haki ya makazi nchi nzima. Ila aliyekuwa na miaka 72 siku tingatinga lilipoingia alihitaji kufika 81 ausikie.

Ushauri wao ni bure na mara nyingi unaupata siku hiyohiyo ukifika asubuhi. Kupelekewa kesi kortini ni jambo jingine: hakuna shirika linaloweza kuchukua kila kesi, huchagua. Uliza mapema maswali mawili, bila haya: "Mtasimama kortini au mtatuandikia karatasi tusimame wenyewe?" na "Gharama za korti ni za nani?" Yote mawili ni msaada. Ubaya ni kugundua tofauti asubuhi ya kesi.

Mlango wa tatu: wakili binafsi

Kuna watu wakisikia "wakili binafsi" hucheka. "Pesa za wakili ningekuwa nazo, si ningelipa kodi?" Ni kweli, lakini tusiuruke mlango huu.

Kwa kasi haushindwi. Wakili aliyekubali kazi leo anaweza kuandaa maombi ya dharura usiku, kesho yakawa mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na zuio la muda likatoka kabla tingatinga halijawashwa. Hakuna kamati ya kupima chochote. Na wako wanaojitolea, wakachukua kesi moja mbili kwa mwaka bila malipo. Njia ya kuwapata ni kuuliza chama cha mawakili hapa Mombasa, au kuhudhuria siku ambazo Chama cha Mawakili Kenya hutoa ushauri wa bure kwa umma katika wiki yake ya uhamasisho wa sheria.

Nilimpeleka babu mmoja wa kiti cha magurudumu kwa wakili ambaye ofisi yake iko ghorofa ya tatu, jengo la zamani, halina lifti. Tulisimama chini tukiangalia ngazi. Nikapiga simu kusema tunarudi. Wakili akashuka na daftari, akaingia kwenye tuktuk pembeni ya babu, akaandika maelezo yote juu ya goti huku dereva akila korosho kando ya barabara. Dakika arobaini. Dereva hakutoza kungoja. Sidai kwamba ofisi za orofani zote ziko hivyo. Nimeshaona pia wakili aliyesema "mlete mtu mwingine anayeweza kupanda", kama kwamba maelezo ya maisha ya mtu ni kifurushi cha kutumwa.

Kuhusu gharama, jihadhari na neno tamu: "Utanilipa tukishinda." Sheria ya Mawakili haikubali mkataba wa wakili kulipwa kwa sharti la kushinda tu. Anayekuja nalo ama hajali sheria, ama macho yake yako kwenye kiwanja chenu. Taka ada iandikwe, hata kama ni ndogo, na kila shilingi iwe na risiti.

Unamfaa nani? Aliyebakiwa na saa, si miezi. Na familia yenye watoto wanane walioko Dubai, Nairobi na Malindi, wanaoweza kuchanga. Usiende kuomba msaada wa maskini ilhali kijana wa tatu anajenga Nyali. Mtu mwingine anaihitaji ile nafasi.

Mlango wa nne: mzee wa mtaa, chifu, upatanishi

Katiba, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho na njia za jadi za kumaliza ugomvi, kwa hivyo huu si mlango wa uani. Kwa kasi ni leo jioni. Kwa gharama ni chai. Kwa lugha, mzee anaongea kwa lahaja yake na anaeleweka, wala hapandi ngazi. Watu wanamjia barazani kwake. Na mgogoro wa mwenye nyumba na mpangaji wake wa miaka ishirini mara nyingi hauhitaji jaji. Unahitaji mtu wa tatu wa kusema: "Ongeza miezi minne, naye alipe nusu ya deni kila mwisho wa mwezi."

Upungufu wake ni kwamba mzee wa mtaa hatoi oda. Mwenye shamba aliye na tingatinga na pesa hashikwi na neno la baraza. Hatari yake kubwa zaidi ni sahihi. Nimeona mzee akiwekewa shilingi 30,000 mezani, "za kusafirishia vyombo", na karatasi ya kukubali kuhama, watu kumi wakimtazama na chai ikipoa. Alitia dole. Alipofika kwa wakili, karatasi ile ilikuwa imeshatangulia.

Na kuna hili la viziwi. Katika kikao kimoja kule Likoni, mkalimani wa ishara alikuwa mpwa wa mhusika, kijana mzuri tu, ila naye alikuwa mrithi wa nyumba ileile. Mhusika aliashiria kwa dakika mbili nzima, mikono ikipanda na kushuka, na kijana akatafsiri: "Amekubali." Hakuna aliyeuliza. Haki ya kutumia lugha ya ishara imo kwenye Katiba, kifungu cha 54, na mlango wowote mtakaouchagua, mkalimani asiwe mtu mwenye sehemu katika mali.

Mlango huu unawafaa wenye ugomvi wa deni na majirani wanaotaka kuendelea kuwa majirani. Kwa mwenye ulemavu asiye na mtu wake pale kikaoni, sithubutu kuupendekeza bila msindikizaji.

Na kujisimamia?

Inawezekana. Kanuni za kesi za madai zina agizo la 33, linalomruhusu asiye na uwezo kufungua kesi bila kulipa ada ya korti akithibitisha umaskini wake. Ombi la kutetea haki za kikatiba chini ya kifungu cha 22 halitozwi ada ya kulifungua, na mtu mwingine anaweza kulileta kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, kwa mfano binti kwa babake aliyepoteza kumbukumbu. Lakini kesi siku hizi hufunguliwa mtandaoni, na anayefanya kazi hiyo kwa simu ya kuazima ataiona ladha yake.

Kulingana na hali yako

Tingatinga ni kesho au keshokutwa: wakili binafsi wa kuomba zuio, na shirika lijulishwe saa hiyohiyo. Wakati huohuo mtu aende kituo cha polisi na kwa naibu kamishna wa kaunti aulize kama walipewa nakala ya notisi, maana sheria inataka wapewe. Wasipokuwa nayo, hiyo ni hoja ya kwanza ya wakili.

Notisi ni ya mtaa mzima: shirika. Huduma ya serikali iombwe pia kwa wale wazee ambao hali zao ni tofauti na za wengine.

Mpangaji wa chumba mwenye deni: anza na mzee wa mtaa au upatanishi, bila kutia sahihi siku hiyo. Mwenye nyumba akitia kufuli au kung'oa mlango, hapo si upatanishi tena. Nenda baraza la kodi kama kodi yako iko chini ya kiwango, la sivyo kortini kupitia Huduma ya Msaada wa Kisheria au shirika.

Nyumba bila ardhi, wewe peke yako, una miezi: Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, na uende na kopo lote la risiti, si zile nzuri tu. Muulize wakili swali moja: tunadai ardhi, au tunadai nyumba na fidia yake?

Mjane Mwislamu anayeambiwa ahame: haki yake katika mirathi iko wazi, thumni, yaani sehemu moja ya nane, kama marehemu ameacha watoto, robo kama hakuacha, na Mahakama ya Kadhi ndiyo inayogawa pande zote zikiwa Waislamu na zikikubali kusikilizwa huko. FIDA wanaweza kumsindikiza. Nyumba ikiwa iko juu ya ardhi ya wakfu, ulizia kwanza kwa Tume ya Wakfu nani ana idhini ya nini, kabla ya kumshtaki shemeji.

Mzee aliyetia dole kwenye karatasi asiyoijua: wakili, awe wa Huduma au wa kulipwa, na upesi, kabla nyumba haijabadilishwa jina mara ya pili. Tafuta aliyekuwepo siku ile, na karatasi za hospitali zinazoonyesha hali yake ilikuwaje.

Na kwa wote: piga picha kila karatasi kwa simu, mbele na nyuma, kabla haijatoka nyumbani. Kila ofisi utakayoingia watataka kubaki na kitu. Waachie nakala. Kopo arudi nalo mzee.